Shujaa Ikipoteza, Mtoto Husikiliza Kila Neno la Mzazi

KILA mara timu ya taifa ya raga ya wachezaji saba kila upande, Shujaa, inapopoteza mechi, kesi mbili huanza nchini Kenya. Ya kwanza husikizwa mitandaoni na kwenye vibanda vya kutazamia mechi: nani alaumiwe, kocha, wachezaji au wakuu wa shirikisho? Ya pili huendeshwa sebuleni, na shahidi wake ni mtoto wa miaka tisa au kumi, macho kwa runinga, masikio kwa baba na mjomba.

Mtoto huyo haulizwi maoni. Lakini hukumu inayotolewa hapo huibeba hadi shuleni Jumatatu. Akisikia mchezaji aliyedondosha mpira akiitwa takataka, anajifunza kwamba anayekosea mbele ya watu ni takataka. Akisikia kwamba kocha afukuzwe usiku huo huo, anajifunza kwamba tatizo huisha mtu akishafukuzwa.

Hilo halimaanishi mashabiki wanyamaze. Hasira yao ina sababu, na mzazi anayetaka kuwaeleza watoto ukweli hana budi kuanzia hapo.

Kutoka Singapore hadi London

Aprili 2016, Shujaa iliilaza Fiji 30-7 katika fainali ya Singapore na kutwaa taji lake la kwanza kwenye raga ya dunia ya wachezaji saba. Haikuwa Fiji ya kubahatisha. Timu hiyo ilinyakua dhahabu ya Olimpiki jijini Rio miezi minne baadaye. Kocha wa Kenya alikuwa Benjamin Ayimba, ambaye alifariki Mei 2021 na bado hutajwa kwa heshima kila mjadala wa makocha unapozuka.

Mashabiki walioshuhudia ushindi huo waliamini milango imefunguka. Badala yake, Mei 2023, Kenya ilipoteza 12-7 dhidi ya Kanada jijini London na kushushwa daraja, baada ya miaka mingi ya kucheza na vigogo wa dunia. Walioilea timu hiyo mioyoni mwao tangu enzi za nusu-fainali za Kombe la Dunia za 2009 na 2013 waliuchukulia usiku huo kama msiba.

Ndipo kila mmoja akaja na mshtakiwa wake.

Makocha saba, miaka minane

Mshtakiwa wa kwanza huwa kocha. Kati ya 2015 na 2023, Shujaa ilipitia mikononi mwa Ayimba, Innocent Simiyu, Paul Murunga, Paul Feeney wa New Zealand, Simiyu kwa mara ya pili, Mwingereza Damian McGrath, kisha Kevin Wambua. Hizo ni zamu saba katika kipindi cha takriban miaka minane.

Kila kocha huja na mfumo wake, mazoezi yake na macho yake ya kuchagua wachezaji. Kijana aliyekuwa tegemeo chini ya mmoja hujikuta benchi chini ya mwingine, na wenzake huanza upya kujifunza nani anakimbia wapi. Kabla mfumo haujakolea, kelele za kutaka kocha mpya zinaanza tena.

Wazazi wengi wanalijua jambo hili kwa sura nyingine. Matokeo ya Hisabati yakishuka muhula mmoja, mwalimu wa tuisheni anabadilishwa. Muhula unaofuata yakikosa kupanda, shule inabadilishwa. Mtoto anabaki akizoea walimu wapya badala ya kuzielewa hesabu. Wakati mwingine mwalimu kweli hafai, na kumbadilisha ni haki ya mzazi. Lakini swali la kuuliza kwanza ni kama alipewa muda, vitabu na mwanafunzi aliyelala vyema na kushiba.

Swali la mfuko

Mshtakiwa wa pili ni pesa na wanaozisimamia. Juni 2018, jijini Paris, wachezaji wa Shujaa waliingia uwanjani wakiwa wamefunika maandishi ya mdhamini kwenye jezi zao, wakilalamikia malipo. Wapo waliowaona kama watovu wa nidhamu walioiabisha nchi. Wengine waliwaona kama wafanyakazi waliokosa njia nyingine ya kusikika.

Mjadala huo unafaa kufika mezani nyumbani kuliko matusi kwa kocha. Mtoto mwenye ndoto ya kuvaa jezi ya taifa anahitaji kujua kwamba mchezaji ana kodi ya nyumba, ana nauli, na pengine ana wadogo zake wanaomtegemea. Anahitaji pia kujua kwamba kudai haki kuna namna na kuna gharama. Familia inaweza kukosa kukubaliana kuhusu jezi zile za Paris, na bado mtoto akatoka hapo amejifunza kwamba watu wazima wanaweza kutofautiana bila kurushiana maneno.

Wachezaji nao

Mshtakiwa wa tatu ni wachezaji wenyewe. Hapa ndipo ulimi huponyoka zaidi, kwa sababu makosa yao yanaonekana na kurudiwa kwenye skrini.

Raga ya wachezaji saba haina huruma. Mechi ina vipindi viwili vya dakika saba, jumla dakika 14. Uwanja ni ule ule wa wachezaji 15 kila upande, kwa hivyo mtu mmoja akikosea kumkaba mpinzani, nyuma yake huenda hakuna wa kumwokoa. Trai ni pointi tano na mkwaju unaofuata ni pointi mbili.

Mzazi anaweza kuchukua kalamu na kumwonyesha mtoto hesabu ya mechi ya London. Kenya ilikuwa nyuma kwa pointi tano. Trai moja tu ingeleta sare ya 12-12, na mkwaju wake ungeipa ushindi wa 14-12. Zoezi hilo la dakika mbili humfunza mtoto kwamba kati ya timu iliyoshushwa daraja na iliyobaki hapakuwa na mlima. Palikuwa na mwanya mdogo, ambao hujazwa kwa mazoezi, utulivu na wakati mwingine bahati.

Kilichofuata baada ya aibu

Wazee walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Kukubali huko si kukaa kimya. Ni kurudi uwanjani.

Septemba 2023, miezi minne tu baada ya London, Shujaa chini ya Wambua iliishinda Afrika Kusini katika fainali ya Afrika jijini Harare na kujikatia tiketi ya Olimpiki. Kikosini walikuwamo baadhi ya vijana wale wale ambao mashabiki walitaka wasahaulike. Juni 2024, jijini Madrid, timu ikarejea katika daraja la juu. Mwezi uliofuata, kwenye Olimpiki ya Paris, ilipoteza mechi zote tatu za makundi kabla ya kujikusanya na kumaliza ya tisa kati ya timu 12. Mjadala ukaanza upya.

Panda-shuka hiyo ndiyo somo ambalo mtoto hakosi kulielewa, kwa kuwa yeye mwenyewe huiishi: leo wa tatu darasani, muhula ujao wa kumi na tano. Anachotafuta ni kuona kama mapenzi ya nyumbani hupanda na kushuka pamoja na nafasi yake.

Nyumba yenye mchezaji

Uzito wa maneno huongezeka maradufu pale mtoto mwenyewe anapocheza. Raga imeenea katika shule nyingi za sekondari nchini, na wasichana nao wameona timu ya taifa ya kina dada, Lionesses, ikifika Olimpiki za Rio na Tokyo. Binti aliyeingia timu ya shule mwezi uliopita atadondosha mpira Jumamosi hii au ijayo. Hilo ni hakika. Akiinua macho kumtafuta mamake pembeni mwa uwanja, atakumbuka alivyosema kuhusu waliodondosha mpira kwenye runinga.

Baadhi ya watoto huacha mchezo wakati huo, na wala hawatoi sababu ya kweli. Husema goti linauma, au masomo yamekuwa mengi. Mzazi hubaki akishangaa kwa nini mwana aliyeupenda mchezo namna ile ameuacha ghafla.

Kuna familia zilizolea wachezaji hadi kileleni. Humphrey Kayange, Collins Injera na Michael Agevi, ndugu wa tumbo moja, wote waliichezea Kenya. Injera alivunja rekodi ya dunia ya kufunga trai nyingi zaidi katika mashindano hayo mwaka 2016, na Kayange akawa mwanachama wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 2021. Hakuna aliyefika huko bila kupoteza mechi nyingi njiani.

Namna ya kukosoa

Kukosoa kuna adabu yake. Taja kitendo, usimtukane mtu. "Amechelewa kumkaba" ni maelezo, na mtoto atajifunza mchezo kutokana nayo. "Huyu ni bure kabisa" haimfunzi chochote, ila woga.

Mwulize mtoto yeye angefanya nini kama angekuwa kocha. Mara nyingi jibu lake huwa na busara kuliko la wajomba, na kumsikiliza kunamwonyesha kwamba mjadala si kupaza sauti.

Ikiwa hasira imeshazidi na maneno makali yametoka, usijifanye hayakusemwa. Mwambie mtoto wazi kwamba kuipenda timu kulikufanya uropokwe, na kwamba mchezaji yule anastahili heshima.

Na siku mwanao atakaporudi kutoka mechi ya shule akiwa ameshindwa, usianze na kocha wake, refa wala pasi aliyoikosa. Mpe maji, mpe chakula, muulize kama ameumia. Kama amegongwa kichwani na analalamika kizunguzungu, kichefuchefu au maumivu ya kichwa, asirudi uwanjani siku hiyo, na apelekwe kwa daktari. Akiwa mzima, mwache ale. Habari za mechi atazileta mwenyewe, akijua kwamba meza ile si mahakama.