Shughuli za Jamii katika Maktaba za Umma: Hali ya Migori na Homa Bay

Utangulizi

Neno maktaba limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuandika, mzizi uleule uliozaa maneno kitabu, katibu na katiba. Huenda asili hiyo ndiyo inayowafanya wengi waione maktaba kuwa ghala la maandishi: jengo lenye rafu, meza na onyo la kunyamaza. Mtazamo huo, hata hivyo, haulingani na madhumuni ya maktaba ya umma. Ilani ya UNESCO kuhusu maktaba za umma, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1949 na kurekebishwa miaka ya 1972, 1994 na 2022, inaichukulia maktaba kuwa lango la maarifa kwa watu wote wa mahali ilipo, bila ya kuwabagua kwa umri, lugha au hadhi. Toleo la 1994 lilitaja hata uendelezaji wa mapokeo ya simulizi kuwa miongoni mwa kazi za maktaba.

Makala haya yanaeleza shughuli ambazo maktaba ya umma huweza kuwafanyia wananchi, kwa kurejelea kaunti za Migori na Homa Bay, kusini mwa eneo la Nyanza nchini Kenya. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, Homa Bay ilikuwa na wakazi 1,131,950 na Migori wakazi 1,116,436. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba shughuli hizo ndizo kiini cha maktaba, na kwamba kufaulu kwake hutegemea mambo matatu: lugha itumikayo, wakati unaochaguliwa, na fedha za kuziendeleza baada ya mfadhili kuondoka.

Chimbuko la maktaba za umma

Kabla ya uhuru, huduma za vitabu kwa Waafrika wa Afrika Mashariki zilikuwa haba mno. Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1948, ilianzisha utaratibu wa kupeleka vitabu vijijini kwa masanduku na kwa njia ya posta. Mwaka 1960 S. W. Hockey, aliyesimamia huduma hizo, alitoa ripoti iliyopendekeza kila nchi iwe na bodi yake ya maktaba. Pendekezo hilo lilizaa sheria za maktaba nchini Tanganyika mwaka 1963, Uganda mwaka 1964 na Kenya mwaka 1965. Ndivyo ilivyoundwa Huduma ya Maktaba ya Kitaifa ya Kenya, ambayo hufahamika kwa kifupi kama KNLS.

Matawi ya kwanza yalijengwa katika miji mikubwa. Baadaye ulizuka mtindo wa maktaba za jamii, ambapo wenyeji walitoa ardhi au jengo, nayo KNLS ikaleta vitabu na wakutubi. Kwa njia hizo huduma ilifika hata katika miji midogo. Tawi la Awendo, katika Kaunti ya Migori, lipo kwenye mji uliokua kando ya kiwanda cha sukari cha South Nyanza, mbali na makao makuu ya mkoa wa zamani yaliyokuwa Kisumu.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na Katiba ya mwaka 2010. Sehemu ya Pili ya Jedwali la Nne inaorodhesha maktaba miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti, pamoja na makavazi na michezo. Serikali hizo zilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Tangu hapo, swali la maktaba inawafanyia nini watu wa Awendo au Mbita likawa swali la kuulizwa nyumbani, wala si Nairobi pekee.

Chumba cha mtihani na zaidi ya hapo

Aghalabu mtu aingiapo katika maktaba ya umma nchini Kenya huwakuta wanafunzi wakidurusu vitabu vyao wenyewe kwa ajili ya mitihani. Jambo hili lisidharauliwe. Mtoto anayetoka katika nyumba ya chumba kimoja, isiyo na taa wala meza, anahitaji mahali penye mwanga na utulivu, na maktaba inampa mahali hapo. Lakini huduma ikiishia hapo, maktaba humtumikia mwananchi kwa miaka michache ya shule tu. Mkulima wa miwa, mchuuzi wa samaki, fundi wa pikipiki na msichana aliyeacha masomo hubaki nje, ilhali wao pia ni wenye mali.

Shughuli za jamii ndizo zinazowaingiza watu hao ndani. Miongoni mwake ni saa ya hadithi kwa watoto, vilabu vya kusoma wakati wa likizo, mafunzo ya kompyuta, mihadhara ya afya na kilimo, madarasa ya kisomo kwa watu wazima, na upelekaji wa masanduku ya vitabu katika shule zisizo na maktaba. Siku ya Vitabu Duniani, tarehe 23 Aprili, nayo hutoa nafasi ya maonyesho na mashindano ya uandishi.

Saa ya hadithi na urithi wa siwindhe

Mtu anaweza kudhani kwamba saa ya hadithi ni jambo la kigeni. Ukweli ni kwamba jamii ya Waluo ilikuwa na taasisi yake ya namna hiyo. Siwindhe ilikuwa nyumba ya bibi kizee, ambamo watoto walikusanyika usiku kusikiliza sigana, yaani ngano, na kufumbuliana vitendawili. Wavulana nao waliketi na wazee katika duol, wakaota moto na kusikia habari za ukoo. Elimu ya shule na maisha ya mjini vilipodhoofisha mikusanyiko hiyo, watoto wengi walibaki bila ya mahali pa kusimuliwa.

Maktaba inaweza kulijaza pengo hilo, na malighafi imejaa tele. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa la Simbi Nyaima, ambalo masimulizi yanaeleza kuwa lilikimeza kijiji kilichomnyima mgeni mzee ukarimu. Ndhiwa ni nyumbani kwa masimulizi ya Gor Mahia, mganga mwenye vituko aliyeipa jina klabu mashuhuri ya kandanda. Migori ina kuta za mawe za Thimlich Ohinga, zilizoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018. Mzee akialikwa kuyasimulia mambo hayo mbele ya watoto, kisha masimulizi yake yakarekodiwa na kuandikwa, maktaba huwa imefanya kazi mbili kwa wakati mmoja: imewafundisha watoto, na imepata kitabu kisichouzwa katika duka lolote.

Uandishi wa aina hiyo una mizizi katika eneo lenyewe. Mwaka 1938 Paul Mboya, aliyekuwa chifu wa Karachuonyo, alichapisha Luo Kitgi gi Timbegi, kitabu kuhusu mila na desturi za Waluo. Aidha, misheni ya Waadventista iliyoanzishwa Gendia mwaka 1906 ilikuja kuwa na mtambo wake wa kuchapa. Hivyo Homa Bay ilikuwa ikizalisha maandishi kabla ya sheria ya maktaba kutungwa.

Maktaba, afya na teknolojia: mfano wa Mfangano

Mfano bayana wa kituo cha usomaji kilichojifungamanisha na tatizo la watu wake unapatikana katika kisiwa cha Mfangano, Homa Bay. Mwishoni mwa miaka ya 2000 wenyeji, wakishirikiana na shirika la Organic Health Response, walianzisha kituo cha Ekialo Kiona, jina ambalo kwa Kisuba lina maana ya dunia nzima. Kituo hicho kilikuwa na kompyuta na intaneti zilizoendeshwa kwa nishati ya jua, pamoja na vitabu. Vijana waliruhusiwa kuzitumia kompyuta bila malipo kwa sharti moja: wakubali kupimwa virusi vya UKIMWI kila baada ya miezi sita.

Uzito wa sharti hilo hueleweka mtu anapozingatia hali ya eneo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay walikuwa wakiishi na virusi, kiwango cha juu kuliko kaunti nyingine zote. Kijana aliyeona haya kuonekana kwenye kliniki aliweza kuingia katika kituo kama mtu aendaye kujifunza kompyuta, na upimaji ukawa sehemu ya uanachama wa kawaida. Kwa njia hiyo hamu ya maarifa ilisaidia kuivunja aibu. Baadaye kituo kilianzisha redio ya jamii iliyotangaza kwa Kisuba, lugha iliyo hatarini kutoweka kwa kumezwa na Kijaluo.

Teknolojia ilijaribiwa pia kwa upande wa usomaji wenyewe. Katika miaka ya 2014 na 2015, shirika la Worldreader lilipeleka vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki katika maktaba nane za magharibi mwa Kenya. Kifaa kimoja kidogo hubeba mamia ya vitabu, faida kubwa kwa maktaba yenye rafu chache. Hata hivyo, kifaa hakijiendeshi. Pasipo na mkutubi anayewakusanya watoto, akawaonyesha namna ya kukitumia na kuwauliza walichosoma, kifaa hufungiwa kabatini.

Kalenda ya kazi na umbali

Shughuli njema ikipangwa wakati mbaya hukosa watu. Wavuvi wa omena huvua usiku wa giza kwa kutumia taa, na mbalamwezi inapoenea kazi yao hupungua. Isitoshe, uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaane. Miezi hiyo, ambayo ni ya shida kwa mapato ya kaya za ufuoni, ndiyo inayofaa kwa mafunzo ya uwekaji hesabu, kisomo na stadi nyingine. Mkutubi wa Mbita anayeifuata kalenda ya ofisi peke yake hatawapata watu hao. Vivyo hivyo, mkutubi wa Awendo hana budi kuzijua siku za soko na majira ya kukata miwa.

Umbali nao ni kikwazo. Huko Garissa, KNLS ilikabiliana nao kwa kuwatwika ngamia masanduku ya vitabu na kuwafuata wafugaji. Ziwani hakuna haja ya ngamia, ila fikra yaweza kuwa ileile: sanduku la vitabu likisafiri kwa pikipiki hadi shule ya Nyatike, au kwa mashua hadi visiwani, msomaji huokoa nauli ambayo hakuwa nayo.

Suala la lugha

Migori ni kaunti ya lugha nyingi. Kijaluo, Kikuria na Kisuba hukutana humo, na pale Isebania mpaka wa Tanzania huvukwa kila siku na wafanyabiashara wanaopatana bei kwa Kiswahili. Wakuria wenyewe wanaishi pande zote mbili za mpaka. Katika mazingira hayo, lugha ndiyo huamua ni nani atakayejihisi amealikwa.

Sehemu kubwa ya vitabu vinavyofadhiliwa kutoka ng'ambo imeandikwa kwa Kiingereza. Vitabu hivyo vina manufaa, lakini havimfai mama anayetaka kuelewa maelezo ya dawa ya mifugo. Lugha za mama zinafaa kwa saa ya hadithi na kwa mihadhara ya vijijini, kwa kuwa zinagusa moyo bila ya mkalimani. Kiswahili kwa upande wake kinafaa pale Mjaluo wa Awendo na Mkuria wa Kehancha wanapoketi katika ukumbi mmoja, kwa sababu hakuna kati yao anayelazimika kuwa mgeni wa mwenzake. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, Kiswahili kimekuwa somo la lazima linalotahiniwa shuleni. Kizazi kilichosoma tangu wakati huo kina msingi wa kutosha wa kushiriki mjadala, shairi au mchezo wa kuigiza kwa lugha hii.

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapopata wajibu wao. Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, haipaswi kuishia katika kumbi za vyuo vikuu. Chama cha wanafunzi kinaweza kwenda katika maktaba ya mji mdogo, kuongoza saa ya hadithi, kutafsiri vijitabu vya afya na kuwasaidia vijana kuyaandika masimulizi ya wazee wao.

Nani atagharamia?

Baadhi ya watu hushikilia kwamba kaunti yenye uhaba wa dawa na maji haina haki ya kutumia fedha kwa hadithi na mashairi. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kuwa mfano wa Mfangano ulikuwa huduma ya afya iliyoingia kwa mlango wa maktaba. Tena gharama ya shughuli nyingi ni ndogo: jengo lipo, mkutubi yupo, na mzee msimulizi anahitaji nauli na chai.

Tatizo kubwa zaidi ni kudumu. Miradi mingi huanza kwa msaada wa nje, na mkataba unapokwisha, betri hufa, mafunzo husimama, na jengo hurudi kuwa chumba cha kudurusia. Dawa ya ugonjwa huo ni kuziingiza shughuli zenyewe katika bajeti ya kaunti, mbali na mishahara na ukarabati wa paa. Katiba imeweka ushiriki wa umma katika masuala ya fedha. Kwa hiyo mwananchi anayehudhuria kikao cha bajeti katika wadi yake ana haki ya kuuliza: kiasi gani kimetengewa maktaba, na ni shughuli zipi zitakazofanywa?

Hitimisho

Imeelezwa kwamba maktaba za umma za Migori na Homa Bay zimerithi mambo mawili: mfumo wa vitabu ulioanzia kwenye masanduku ya Idara ya Vitabu, na mapokeo ya siwindhe na duol. Shughuli za jamii ndizo zinazoyaunganisha. Zikifanywa kwa lugha ya wahusika, kwa wakati wao, na kwa fedha zisizotegemea huruma ya mfadhili, maktaba humfaa mtu tangu utotoni hadi uzeeni. Zikiachwa, mtoto wa shule atakuwa na mahali pa kusomea mtihani, naye mzazi wake ataendelea kupita nje ya lango la jengo ambalo ni mali yake.