Mti Mzee wa Lupango Lako

Angalia mwembe ulio mbele ya nyumba yako. Pengine ulipandwa na wazee wako. Katika malupango mengi ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kuna mwembe ao mti wa avoka wa namna hiyo. Jua la mwezi wa kumi likichoma, familia yote inaketi chini yake. Bei ya makala ikipanda, mtu analeta shoka. Kuukata ni kazi ya siku moja. Kungoja mwingine ni miaka mingi.

Mara nyingi ni sisi wenyewe tunaouua pole pole. Chakula kutoka kwa majani kinashuka kupitia ganda. Ukilitoa ganda kuzunguka shina lote, mizizi inakufa njaa, na mti nao. Usichome takataka chini yake. Ukichimba msingi wa ukuta karibu na shina, unakata mizizi inayoushika mti wakati wa upepo wa mvua.

Tawi lililokauka, ulikate kabla ya mvua za mwezi wa kumi na moja. Anza na msumeno upande wa chini, kisha juu, lisichane ganda likianguka. Likiwa juu ya nyumba ao karibu na waya za umeme, tafuta fundi.

Lakini mti ukianza kulala na udongo kuinuka kwenye mizizi, usingoje: uhai wa watoto unapita kivuli. Uukatishe. Na ninyi vijana, pandeni mwingine mwaka ule ule.