KUFULI YA GIA KATIKA MOTOKAA ZA OTOMATIKI

Dereva aliyezoea klachi huweza kushangaa aketipo mara ya kwanza katika motokaa ya otomatiki, kama zile nyingi ziletwazo Kenya kutoka Japani. Huwasha injini, akaushika mkono wa gia ili autoe katika herufi P, nao haujongei hata kidogo. Hudhani gari ni bovu. Sivyo, gari lamngoja akanyage breki.

Herufi P ni mahali pa kuegesha. Mkono ukiwa hapo, jino la chuma ndani ya sanduku la gia hushika gurudumu lenye meno, na gari haliwezi kuviringika. Hatari huja wakati wa kuutoa mkono hapo. Pasipo kufuli, mtu aweza kuutoa huku amekanyaga mafuta, gari likaruka. Au mtoto aliyeachwa ndani akauvuta, gari likateremka lenyewe.

Huko Marekani, katika miaka ya 1980, watu wengi walilalamika kwamba magari ya Audi 5000 yaliruka ghafula. Uchunguzi wa serikali uliotolewa mwaka 1989 ulionyesha kuwa mara nyingi dereva alikanyaga mafuta akidhani ni breki. Kufuli hii ikaenea, na tangu Septemba 2010 sheria ya nchi hiyo yailazimisha kwa magari madogo mapya ya otomatiki.

Kazi yake ni nyepesi kufahamu. Karibu na mkono wa gia pana sumaku ya umeme na kizuizi kidogo. Breki ikikanyagwa, swichi iwashayo taa nyekundu za nyuma hupeleka habari kwa sumaku. Kizuizi huondoka, na mkono huwa huru. Katika magari mengi, ufunguo nao hautoki mpaka mkono urudishwe P.

Je, mkono ukikataa hata baada ya kukanyaga breki? Usiulazimishe kwa nguvu. Mwombe mwenzio atazame taa za breki. Zisipowaka, huenda fyuzi imeungua au swichi imeharibika. Magari mengi yana kitundu au kitufe kando ya mkono wa gia cha kufungulia kwa dharura. Kitumie ukiwa umekanyaga breki sawasawa, kisha upeleke gari kwa fundi.

Kumbuka pia kwamba kufuli hii si badala ya breki ya mkono. Mahali pa mteremko ivute kwanza, ndipo uweke P. Na usiwaache watoto peke yao garini.