Msaada wa kodi ya nyumba Kampala: unavyotolewa na unapoishia

Mama mmoja wa watoto wanne, kutoka Kivu Kusini, alirudi jioni akakuta mlango wa chumba chake Katwe umefungwa kwa kufuli isiyo yake. Alidaiwa kodi ya miezi mitatu, jumla shilingi 600,000. Biashara yake ya kutembeza vitenge ilikuwa imekufa baada ya mzigo wote kunyang'anywa barabarani. Usiku ule walilala kwenye baraza la kanisa.

Majirani walimshauri aende kambini Nakivale. Ni kweli, msaada mwingi Uganda hutolewa huko kwenye makazi ya wakimbizi, na anayechagua kuishi mjini anatarajiwa kujitegemea. Lakini mtoto wake mmoja anatibiwa Mulago, na matibabu hayo hayawezi kukatizwa.

Shirika moja la misaada lilimkubalia, baada ya kumtembelea mara mbili. Hapa ndipo wengi hukosea. Kudaiwa kodi peke yake hakutoshi. Huangaliwa nani yuko hatarini zaidi: mgonjwa, mzee, mama anayelea peke yake, mtoto asiye na wazazi, mtu aliyefanyiwa ukatili. Uwe na kitambulisho cha mkimbizi au karatasi ya mwomba hifadhi, na ukiweza, barua ya mwenyekiti wa LC1. Msaada huu ni bure. Akitokea mtu wa kukuomba "pesa ya soda" ili jina lako liingie kwenye orodha, mripoti kwa simu ya bure ya UNHCR, 0800 323232.

Mama huyo alilipiwa miezi mitatu tu, na pesa zilienda moja kwa moja kwa mwenye nyumba mpya. Deni la Katwe halikuguswa. Alikubaliana na mwenye nyumba wa zamani alipe shilingi 50,000 kila mwezi, ndipo akarudishiwa magodoro na sufuria zake.

Angeweza kuchukua vyumba viwili Makindye kwa 300,000, maana shirika lingelipa. Akachagua muzigo mmoja Nansana kwa 120,000. Kwa maoni yangu, hapo ndipo alipojiokoa. Nimeona familia zikikodi nyumba ya uwezo wa shirika badala ya uwezo wao, na mwezi wa nne zikarudi barazani.

Jambo moja hakulijua: Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 hairuhusu mpangaji kutolewa bila amri ya mahakama, hata kama anadaiwa. Kodi nayo haipaswi kupandishwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Kwa hiyo andikiana na mwenye nyumba mbele ya shahidi, na usiache kudai risiti hata kama mmezoeana.

Sasa ni mwezi wa sita Nansana. Asubuhi anauza maandazi mlangoni, na deni la Katwe limebaki shilingi 350,000.