Baiskeli kwenye pori la Tabora: ogopa mchanga, ogopa mbung'o

Tabora haina milima ya kutisha, lakini ukiingia porini na baiskeli utatoka jasho. Kazi ipo kwenye mchanga.

Pa kuanzia ni Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, lilipo tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Hapa ilipita njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi waliipiga kwa mguu, mizigo begani.

Mchanga unapitaje? Punguza upepo kidogo ili tairi likanyage kwa upana. Weka gia nyepesi, endelea kukanyaga, usikate kona ghafla. Nenda kiangazi, Juni hadi Oktoba. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa mbugani unaganda kwenye magurudumu.

Mbung'o je? Hawa hufuata kitu kinachotembea, na wanapenda rangi ya bluu na nyeusi. Vaa kaki, mikono mirefu.

Baadhi yao hubeba malale. Ukipata homa baada ya safari, usimeze dawa ya malaria ukaishia hapo. Nenda hospitali, mwambie daktari ulikuwa porini na uliumwa na mbung'o. Malale ikigundulika mapema inatibika. Ikichelewa hufika kwenye ubongo, na inaua.

Vipi Mto Ugalla? Tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa, ina simba na tembo. Usiingie na baiskeli bila ruhusa ya TANAPA.