Msomaji Hupatikanaje? Mafunzo ya Maandishi ya Kale kwa Mwandishi wa Kiswahili

Katika miji ya mashariki ya Kongo, Kiswahili husikika nyumbani, sokoni, kanisani na redioni. Hata hivyo, elimu ya sekondari na ya chuo kikuu hutolewa kwa Kifaransa; kwa hiyo wapo wengi wanaokisema Kiswahili kwa ufasaha bila kuwa na mazoea ya kukisoma. Siku hizi mitandao ya kijamii, kama vile Facebook na WhatsApp, imemwondolea mwandishi gharama ya uchapaji. Lakini kufikisha maandishi kwa watu ni jambo moja, na kupata wasomaji ni jambo jingine. Makala haya yanakusudia kueleza, kwa mifano mitatu ya kale, jinsi hadhira ya maandishi ya Kiswahili ilivyojengwa, na mafunzo yanayotokana nayo.

1. Msomaji aliyepewa nafasi

Mwaka 1888 gazeti la Msimulizi lilianza kutolewa Kiungani, Unguja, katika shule ya misheni ya Kianglikana. Habari zake nyingi ziliandikwa na wanafunzi na walimu waliokuwa katika vituo mbalimbali vya misheni. Aliyepeleka habari za kituo chake alikuwa na sababu ya kulisubiri gazeti, na jamaa zake vilevile.

Njia hiyo ilipanuka katika Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923. Lilikuwa chombo cha serikali ya kikoloni, na uhuru wake ulikuwa na mipaka. Pamoja na hayo, liliwafungulia wasomaji milango kwa barua, habari za miji na mashairi. Mshairi aliyeuliza fumbo alijibiwa na mwenzake wa mji mwingine, na majibu yakazaa majibu. Shaaban Robert ni miongoni mwa washairi waliochapishwa humo. Msomaji hakulitafuta gazeti kwa sababu lilitangazwa sana. Alilitafuta ili aone kama amejibiwa.

2. Msomaji anayesikia

Mfano wa tatu unatoka Kongo yenyewe. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, aliandika kwa Kiswahili cha Katanga historia ya mji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Maandishi hayo yalitoka katika nakala za mashine. Mwaka 1990 mtaalamu Johannes Fabian aliyachapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Ili kuyaelewa, ilibidi yasomwe kwa sauti na mtu aliyekulia katika lugha hiyo, kwa maana tahajia haikufuata kanuni za shule na maneno yaligawanywa kwa namna mbalimbali. Yaliyokuwa magumu machoni yalieleweka masikioni.

Tukio hilo halionyeshi upungufu wa mwandishi. Linaonyesha tabia ya hadhira yake. Pale ambapo maandishi hayajazoeleka, sikio hutangulia jicho.

3. Mafunzo kwa wakati huu

Kutokana na hayo, mambo matatu yanajitokeza.

Kwanza, mwandishi anayetumia mitandao hana budi kujibu. Anayetuma maandishi yake katika vikundi kumi bila kurudi kuyazungumza amefanya kazi ya mpiga mbiu: mbiu husikika, kisha watu hutawanyika. Afadhali kikundi kimoja ambamo swali la msomaji wa leo huwa mwanzo wa maandishi ya kesho.

Pili, inafaa awe na siku maalumu. Gazeti la kila mwezi lilimfundisha msomaji kungoja. Anayeandika mara tano kwa juma moja, kisha akanyamaza miezi miwili, huvunja mazoea kabla hayajaota mizizi.

Tatu, maandishi yafuatane na sauti. Ujumbe wa sauti wa dakika mbili, unaosoma aya ya kwanza, humwezesha asiyezoea kusoma kufuata maneno kwa macho huku akiyasikia. Hivyo mwandishi hapati msikilizaji tu, bali humlea msomaji.

Ni vema pia kutahadhari na hesabu. Alama za kupendezwa huwekwa hata na mtu ambaye hakufungua maandishi. Dalili iliyo bora ni jibu linalotaja jambo lililomo ndani yake.

Kwa kumalizia, suala hili halihusu sifa ya mwandishi peke yake. Watumishi wa Elisabethville waliandika ili mambo waliyoyaona yasipotee, na ilipita miaka 25 kabla ya maandishi yao kutolewa katika kitabu. Lugha isiyo na wasomaji wake yenyewe huwangoja wageni waje kuisoma. Iwapo Kiswahili cha Kongo kitapata wasomaji nyumbani, kumbukumbu za wenyeji hazitalazimika kungoja hivyo tena.