Sumaku Ipigayo Picha za Mwili

Katika hospitali kubwa kuna mashine iitwayo MRI. Kwa nguvu ya sumaku hupiga picha za ndani ya mwili pasipo kisu. Mgonjwa huacha nje saa, funguo na kila kitu cha chuma, kwa maana sumaku yaweza kukivuta ghafula na kuumiza watu. Kisha hulala chali, akasukumwa polepole ndani ya tundu kama pipa, lililo wazi pande zote mbili. Masikio huzibwa, maana mashine hugonga kama nyundo, lakini haimwumizi. Akiingiwa na hofu, huminya mpira ulio mkononi mwake, na mtumishi humjibu. Yampasa kutulia kabisa, kwani akijitikisa picha huharibika. Huko Marekani, mwaka 1977, picha ya kwanza ya kifua ya namna hii ilichukua karibu saa 5. Leo kazi huisha mara nyingi kabla ya saa moja. Basi, utulivu wa mgonjwa humsaidia mganga kuuona ugonjwa.